Mwalimu akitoka darasani: kiranja, orodha ya wapiga kelele na sayansi ya uongozi

Kama ulisoma shule ya msingi hapa kwetu, picha hii huhitaji kuchorewa. Mwalimu ameitwa ofisini. Kabla hajafika mlangoni anageuka, anamtazama mtoto mmoja wa dawati la mbele: "Wewe, andika wapiga kelele." Mtoto anachomoa karatasi katikati ya daftari, anasimama mbele ya ubao, kazi inaanza. Ukicheka, jina. Ukibisha kwamba hukucheka, alama ya x mbele ya jina. Ukiendelea kubisha, x ya pili. Mwalimu akirudi anasoma orodha, anahesabu alama, na fimbo inamalizia hesabu.

Huyo mtoto wa dawati la mbele nilikuwa mimi. Darasa la tano, shule moja ya huku Kikuyu (Kikuyu ya Dodoma jamani, siyo ile ya Kenya). Shule siitaji, maana ingeweza kuwa shule yoyote. Tulikuwa zaidi ya tisini darasani, na karatasi ile ilikuwa mamlaka ya ajabu mkononi mwa mtoto wa miaka kumi na moja. Haikunichukua wiki mbili kugundua kwamba ni biashara. Msimu wa zabibu, mwenye zabibu hakuwahi kupiga kelele. Mwenye ubuyu naye alikuwa mtulivu sana. Na kulikuwa na mvulana mmoja wa dawati la nyuma, mkimya kweli, ambaye siku moja alinikatalia kichongeo chake. Kesho yake jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha, lina x mbili. Akachapwa. Hakusema kitu. Mimi nikarudi kukaa.

Darasa la saba nilichaguliwa dada mkuu. Kwenye ripoti yangu iliandikwa kwamba nina uwezo wa uongozi.

Nimelikumbuka jambo hili tena nikiwa mwanafunzi wa uzamili, nikisoma namna watoto wanavyojifunza tabia. Swali lenyewe ni rahisi kuliuliza: je, uongozi na maadili yanafundishika kwa mtoto? Kila mtu anajibu "ndiyo" haraka haraka, halafu anataja somo au hotuba. Tukiliuliza kwa namna ya kisayansi linabadilika kidogo: mwalimu akitoka darasani, nini kinabaki?

Vilabu vya wavulana wa Iowa

Swali hilo limewahi kufanyiwa jaribio, karibu neno kwa neno. Mwanasaikolojia Kurt Lewin alikuwa Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1933, Hitler alipoingia madarakani. Akiwa Marekani, katika Chuo Kikuu cha Iowa, alibeba swali la mtu aliyeona nchi nzima ikimtii mtu mmoja. Yeye na wenzake wawili, Ronald Lippitt na Ralph White, mwishoni mwa miaka ya 1930 waliunda vilabu vidogo vya wavulana wa miaka kumi hivi. Baada ya masomo watoto walikutana kutengeneza vinyago vya kuvaa usoni na vitu vingine vya mikono. Kila klabu ilipewa mtu mzima wa kuiongoza, na viongozi hao walifundishwa kuongoza kwa mitindo tofauti.

Wa kwanza alikuwa mtawala. Anatoa amri hatua kwa hatua, hasemi kesho kuna nini, anapanga nani afanye kazi na nani, anasifu na kukaripia anavyotaka. Wa pili alikaa na watoto wakajadili nini kifanyike, akawapa njia mbili tatu wachague, wakagawana kazi wenyewe. Wa tatu aliwaachia tu: vifaa hivi hapa, fanyeni mnavyojua. Kisha, na hapa ndipo penye utamu, kiongozi alikuwa anatoka chumbani kwa makusudi, na watafiti wanaendelea kuandika watoto wanafanya nini.

Chini ya mtawala, kazi ilikwenda vizuri sana alipokuwepo. Alipotoka, ilianguka. Katika vilabu vya majadiliano kazi haikuwa ya kasi kama ile ya kwanza, lakini mkubwa alipotoka watoto waliendelea karibu vilevile, kana kwamba hakuna aliyeondoka. Klabu ya "fanyeni mnavyojua" ilikuwa vurugu toka mwanzo, akiwepo asipokuwepo. Lingine: kwenye vilabu vya amri watoto waligeukiana. Walimchagua mmoja wao wakamsakama, na kuna waliosakamwa hadi wakaacha klabu. Watoto walipoulizwa baadaye, 19 kati ya 20 walimpenda zaidi kiongozi wa majadiliano kuliko mtawala.

Usibebe jaribio hili kama msahafu. Watoto walikuwa wachache, wote wavulana wa Kimarekani, na watafiti wenyewe walikuwa na jibu walilolitamani. Lakini msomaji wangu, linganisha na darasa letu. Ukimya wa darasa lile ulikuwa wa karatasi. Karatasi ikiondoka, ukimya unaondoka nayo, ndiyo maana kila siku ilibidi aandikwe mtu upya. Na wa kusakamwa tulikuwa naye pia. Alikuwa na kichongeo.

Kiranja alitoka wapi

Nimeuliza kwa nini shule zetu zina viranja kabisa, na jibu linapita mbali. Shule za bweni za Uingereza za karne ya 19 zilikabidhi sehemu kubwa ya nidhamu kwa wanafunzi wakubwa. Anayekumbukwa zaidi kwa mfumo huo ni Thomas Arnold, aliyekuwa mkuu wa shule ya Rugby kuanzia 1828 hadi 1842. Waingereza walipoitawala Tanganyika walikuja nao. Shule ya Tabora ilianzishwa miaka ya 1920 kwa ajili ya watoto wa machifu, ndipo wapatikane watu wa kuongoza kwa niaba ya serikali. Huo ndio wakati gavana Donald Cameron anajenga utawala wa kupitia machifu: chifu anabaki na kiti chake, lakini kodi anaikusanya kwa ajili ya mwingine. Hapa kwetu Ugogo mtemi maarufu wa zama hizo alikuwa Mazengo, na jina lake lilipewa sekondari ya wavulana iliyokuwa hapa Kikuyu, mahali ambapo tangu mwaka 2007 ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana.

Ukiangalia vizuri, kiranja wa kelele ni utawala ule ule uliopunguzwa ukatosha darasani. Anateuliwa na wa juu, anaripoti kwa wa juu, na wa chini hawana cha kumfanya zaidi ya kumpa zabibu.

Cha kuchekesha (au cha kusikitisha, chagua) ni kwamba neno lenyewe halikuanzia hapo. Kiranja katika Kiswahili cha zamani ni kijana wa jandoni anayetangulia wenzake kutahiriwa. Yaani mkubwa wa kundi ni yule anayeanza yeye kukutana na kisu, wenzake wakimwangalia. Sisi tumelichukua neno hilo tukampa mtoto anayewapeleka wenzake kwenye fimbo, yeye akiwa wa mwisho kuguswa.

Basi tuwafundishe maadili darasani?

Hili ndilo jibu linalokuja haraka. Tuna uzoefu nalo: tumekuwa na Uraia na Maadili shule za msingi, na mitaala mipya iliyotoka mwaka 2023 imeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Sina ugomvi na masomo hayo. Lakini kuna utafiti wa zamani ambao kila mtunga mtaala angepaswa kuusoma usiku kabla ya kulala.

Kati ya 1928 na 1930, Hugh Hartshorne na Mark May walichapisha matokeo ya kuwapima watoto zaidi ya 10,000 wa Marekani. Hawakuwauliza "je, wewe ni mwaminifu?" Waliwawekea mitego. Mtihani unaosahihishwa na mtoto mwenyewe, ambapo mtafiti ana nakala ya siri ya majibu ya kwanza. Michezo ambayo mtoto anaweza kujiongezea alama. Pesa ambazo mtoto anadhani hazijahesabiwa. Walichokuta kiliwashtua watu wa dini na wa elimu: aliyeiba alama kwenye mtihani si lazima aibe pesa, na aliyekuwa mwaminifu kwenye michezo aliweza kudanganya kwenye hesabu. Uaminifu ulibadilika kufuatana na mazingira. Tena watoto waliopitia madarasa na vyama vya kufundisha tabia njema hawakuwa waaminifu kuliko wenzao kwa kiasi cha kujivunia. Walijua maneno, lakini mtego ulipokuja maneno hayakuwasaidia sana.

Baada ya hapo wapo waliokata tamaa kabisa wakasema tabia haipo, ni mazingira tu. Hilo nalo ni kupita kiasi. Watafiti waliofuata walionyesha kwamba ukimpima mtu mara nyingi, mwelekeo wake unaonekana. Kinachobaki ni onyo: kumjaza mtoto maneno ya maadili ni kitu kimoja, kumjenga awe na mazoea ni kitu kingine. Mimi mwenyewe ungeniuliza darasa la tano sifa za kiongozi bora ningekutajia zote, nikiwa na ubuyu mdomoni.

Mtoto anayesubiri, na mkubwa anayetimiza

Huenda umewahi kusikia jaribio la peremende. Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, alimwachia mtoto mdogo kitu kitamu mezani: ukisubiri nirudi utapata viwili, ukishindwa kula hicho kimoja. Baadaye ikaonekana waliosubiri walifanya vizuri zaidi shuleni walipokuwa wakubwa, na dunia nzima ikaanza kuhubiri kujizuia. Kisha mwaka 2018 timu nyingine ilirudia kwa watoto wengi zaidi, ikahesabu pia hali ya nyumbani kwao, na sehemu kubwa ya uhusiano ule ikayeyuka.

Mimi majaribio mawili madogo yaliyofuata yananigusa zaidi. La kwanza ni la Celeste Kidd na wenzake wa Rochester, lililochapishwa mwaka 2013. Walikuwa na watoto 28 tu. Kabla ya peremende, mtafiti alimwahidi kila mtoto vifaa vizuri vya kuchorea. Kwa nusu ya watoto alivileta. Kwa nusu nyingine alirudi mikono mitupu: samahani, havipo. Ndipo likaja jaribio la kusubiri. Walioletewa walisubiri wastani wa dakika 12. Waliodanganywa, dakika 3. Mtoto hakuwa na udhaifu wa nafsi hapo. Alikuwa amepiga hesabu: huyu mtu mzima haaminiki, kula chako mapema.

La pili ni la Bettina Lamm na wenzake, la mwaka 2018. Walilinganisha watoto wa miaka minne wa mjini Ujerumani na watoto wa wakulima wa Kinso, Kameruni. Wajerumani walipewa peremende au chokoleti, Wanso wakapewa kitumbua chao kitamu, kinachofanana na kalimati zetu. Waliofanikiwa kusubiri kati ya Wajerumani hawakufika asilimia 30. Kati ya Wanso walikuwa kama asilimia 70, na mmojammoja alisinzia hapohapo kwenye kiti. Hao ni watoto ambao hawajawahi kusoma kitabu cha kujizuia. Wamelelewa kwenye nyumba ambamo mtoto ana kazi, na wenzake wanaitegemea kazi hiyo.

Kazi halisi

Hapa ndipo Afrika Mashariki inapoingia kwenye sayansi hii kwa mlango wa mbele, na nasikitika kwamba hatufundishwi.

Miaka ya 1970, Sara Harkness na Charles Super waliishi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis nchini Kenya. Waliwauliza kina mama: mtoto mwenye akili ni yupi? Walipewa neno *ng'om*. Mtoto mwenye *ng'om* ni yule ambaye akimaliza kula anafagia, anaosha vyombo, anamwangalia mdogo wake, na hakuna aliyemwambia. Akili ya shuleni ilikuwa na jina lake la pembeni, "*ng'om* ya shule". Ona kipimo cha kina mama hao: mtoto anafanya nini asipoambiwa. Wamefika kwenye swali la Lewin bila klabu wala vinyago.

Kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1960, Carol Ember alifanya utafiti kwa Waluo wa Oyugis, magharibi mwa Kenya. Huko kazi za ndani zilikuwa za wasichana. Lakini kuna nyumba ambazo hazikuwa na binti mkubwa, kwa hiyo mvulana alijikuta anabeba mtoto, anachota maji, anapika. Hakuchagua yeye wala mama yake, ni namna watoto walivyozaliwa tu, na hilo kwa mtafiti ni kama zawadi: linapunguza shaka kwamba mama alimpa kazi hizo mvulana aliyekuwa mpole tayari. Ember aliwaangalia wavulana hao wakiwa na wenzao. Walikuwa na ubabe mdogo zaidi na walisaidia zaidi, hasa wale waliofanya kazi za ndani ya nyumba. Hakuna aliyewafundisha somo la upole. Waliupata kwa kubeba mtoto anayelia hadi anyamaze.

Mgogo yeyote hapa Dodoma anaweza kukueleza jambo hilohilo kwa ng'ombe. Mvulana mdogo anaanza na ndama karibu na boma. Akiaminika anapewa mbuzi. Baadaye sana ndiyo ng'ombe, mbali, kwenye nchi kame yenye msimu mmoja tu wa mvua. Hakuna anayetoka naye kumwandikia jina. Mbuzi akipotea jioni anaonekana kwamba hayupo, na familia nzima inajua ni mali kiasi gani imepotea. Madaraka yanapanda kwa kipimo cha aliyekwishatimiza. (Sisemi watoto waache shule wakachunge. Wapo wengi walioachishwa, na ni hasara kubwa. Nasema shule ingeweza kuiba mbinu.)

Na ilijaribu kuiba. Mwalimu Nyerere alipotoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, watu walikumbuka mashamba ya shule. Wamesahau nusu ya pili: alitaka wanafunzi washiriki kupanga shamba hilo na kuamua, waone faida na hasara ya maamuzi yao. Kwenye shule nyingi nusu hiyo haikuota. Jembe lilibaki, uamuzi ukabaki ofisini. Kizazi changu kilikulia kwenye masalia yake: kulima kama adhabu, kuchota maji ya nyumba ya mwalimu kwa sababu umechelewa. Mtoto akifundishwa kwamba kazi ni adhabu, kisha ukamwambia kiongozi ni mtumishi, anasikia nini?

Wakishabalehe

Kwa watoto wadogo mambo haya yana ushahidi mzuri kiasi. Joseph Durlak na wenzake, mwaka 2011, walikusanya tathmini za programu 213 za shule zilizofundisha watoto kutambua hisia, kusikilizana na kutatua ugomvi, zikihusisha wanafunzi zaidi ya 270,000. Kwa wastani tabia iliboreka na hata masomo yalipanda. Zilizofanya vizuri zilikuwa na mpangilio wa hatua na zilimfanya mtoto afanye, siyo asikilize tu.

Vijana wa miaka 14 au 15 ni habari nyingine. David Yeager, ambaye amechambua sana kundi hili, anasema programu nyingi zinashindwa kwao kwa sababu moja ya kibinadamu kabisa: kijana ananusa dharau. Umri huo anapima kila neno lako, unaniheshimu au unaniona mtoto? Ukimletea semina ya maadili yenye nyimbo za darasa la pili, hata kama kila neno ni kweli, umeshampoteza.

Sasa angalia nini kilifanya kazi Lusaka, Zambia. Nava Ashraf na wenzake walichukua wasichana wa darasa la nane na, kwa wiki mbili baada ya masomo, wakawafundisha kujadiliana. Mambo ya vitendo: jua unataka nini, sikiliza mwenzako anahitaji nini, tafuta mahali mnapokutana, na ujue wakati wa kunyamaza. Waliigiza: baba anasema ada hakuna, mama anataka ubaki nyumbani na mdogo wako, unaanzaje? Kundi la pili lilipewa chakula cha mchana na mahali salama pa kucheza, bila mafunzo. Baada ya miaka mitatu, waliofundishwa kujadiliana walikuwa mbele katika mambo ya shule. Wale wa kundi la pili hawakupata faida ya kuonekana. Kwa hiyo si kukutana tu kunakosaidia. Wasichana walipewa ufundi, na walikuwa na mahali pa kuutumia jioni hiyohiyo.

Kuna pia somo chungu la kwetu wenyewe. BRAC waliendesha vilabu vya wasichana Uganda, nje ya shule, vikiongozwa na msichana wa palepale kijijini aliyewazidi umri kidogo. Baada ya miaka minne mimba za utotoni katika vijiji hivyo zilikuwa zimepungua kama theluthi. Mpango huohuo ukaletwa Tanzania, ukapimwa kwa njia ileile, na haukuonyesha mabadiliko ya maana. Watafiti walipochunguza waliona rasilimali zilikuwa finyu na utekelezaji ulilegea. Jina la programu lilivuka mpaka, vilivyoifanya iwe programu vikabaki nyuma. Nikiona shule inazindua "klabu ya uongozi" kwa bango na fulana, hili ndilo ninalolikumbuka.

Fimbo iliyo nyuma ya orodha

Siwezi kumaliza bila kurudi kwenye kile kilichoipa karatasi yangu nguvu. Kanuni za serikali kuhusu viboko zina masharti: mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, visizidi vinne, na kumbukumbu iandikwe. Wewe msomaji, uliwahi kuona kumbukumbu hiyo ikiandikwa? Utafiti wa Tobias Hecker na wenzake uliochapishwa mwaka 2014 uliwahoji watoto 409 wa shule ya msingi hapa Tanzania; asilimia 95 walisema mwalimu amewahi kuwachapa. Waliochapwa zaidi walikuwa pia na ugomvi na ukorofi zaidi. Utasema labda wakorofi ndio wanaochapwa, na uko sahihi: utafiti wa namna hiyo hauwezi kutenganisha kipi kimetangulia.

Ndiyo maana napenda ule wa mwaka 2018, wa Mabula Nkuba na wenzake, katika shule nane za sekondari za serikali. Walimu wa nusu ya shule hizo, zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, walipewa mafunzo ya siku chache ya namna ya kuongoza darasa na kurekebisha tabia bila kipigo. Miezi mitatu baadaye kipigo kilikuwa kimepungua, na hawakusema walimu tu, wanafunzi pia walithibitisha. Kumbe mwalimu naye anachapa kwa sababu ndicho alichofundishwa, kama mimi na karatasi yangu.

Mwalimu mwenye watoto tisini ataniambia: mama, njoo ufundishe wewe. Ni haki yake. Sina dawa ya tisini. Ninachoweza kusema ni kwamba karatasi haikupunguza tisini hao wakawa arobaini. Ilimpa mwalimu ukimya wa dakika kumi na ikamwachia kesi za siku nzima. Kwenye mitaala hii mipya ningependa kuona kazi zinazozunguka kila wiki, zile ambazo zikikosewa kila mtu anaona bila kuandikiwa: maji ya kunawa, vitabu vya kugawana, mche wa muembe nje ya dirisha, watatu wanaosoma taratibu kuliko wengine. Darasa lichague nani wa wiki hii, lijadili Ijumaa nini kilikwama, na mwalimu akiahidi kitu akilete.

Kama wewe ni mwalimu, pima kwanza. Chagua siku tatu. Toka darasani dakika tano bila kumteua mtu, simama mahali wasipokuona, na uandike unachokisikia: nani ameanza kelele, nani amewanyamazisha na kwa maneno gani, nani ameendelea na kazi. Karatasi hiyo usiisome mbele yao. Itunze hadi mwisho wa muhula, kisha utoke tena, usimame palepale.